Mwaka Mmoja na Miezi Miwili Katika Kundi la Washairi Chipukizi: Tathmini ya Mwanachama

Kundi ninalolitathmini hapa ni la WhatsApp, linawakusanya watu wanaotunga mashairi ya Kiswahili kwa mapenzi tu, na kuingia kwake ni bure. Mtu hutumiwa kiungo na mwanachama wa zamani, hupokewa na msimamizi kwa salamu ya maandishi, kisha huombwa atume ubeti mmoja wa kujitambulisha kabla hajaandika jambo lingine lolote. Jina la kundi nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu nitakayoyasema si yote ya sifa, na wenzangu walio humo hawakunituma niwaseme hadharani.

Mimi ni karani wa stoo mjini Morogoro, na kabla ya kujiunga nilikuwa nikitunga kwenye daftari ambalo hakuna aliyelisoma isipokuwa mke wangu, naye husema kila shairi ni zuri. Nilitaka msomaji asiyenijua. Nilipoingia niliwakuta watu wa Tanga, Mombasa, Unguja, Pemba, Lubumbashi na hata Muscat, walimu wengi, wastaafu kadhaa, dereva wa malori, wauguzi, na vijana wa vyuo. WhatsApp huruhusu watu 1,024 katika kundi moja, na hili lilikuwa limekaribia kujaa, ingawa kwa hesabu yangu wanaotunga kweli hawafiki mia. Waliosalia husoma, au hupiga makofi.

Kuhusu makofi nina mengi ya kusema. Katika juma la kwanza nilituma ubeti huu, ambao nilikuwa nimeupika kwa siku tatu wakati sisi wa Morogoro tukisubiri mvua:

Masika yamechelewa, mbegu zalala ghalani,
Jembe halijachukuliwa, limekaa ukutani,
Hata ndege wapagawa, wanywao maji mtoni,
Ewe wingu umekawa, utashuka siku gani?

Kabla sijaiweka simu mezani, alama za makofi zilikuwa zimejipanga kama mchwa. Niliambiwa kuwa kalamu yangu haikauki wino, kuwa mimi ni malenga, kuwa Kiswahili kimepata mwana. Nakiri kwamba nilifurahi sana, na usiku ule nililala nimechelewa. Lakini shairi lile lina kosa ambalo mtoto wa shule aliyefundishwa ushairi angeliona: upande wa kwanza wa mshororo wa pili una mizani, yaani silabi, tisa, hali pande nyingine zote zina nane. Kati ya watu wote walionipongeza, hakuna aliyehesabu. Yumkini hakuna aliyesoma hadi mshororo wa nne.

Aliyehesabu alinijia faraghani asubuhi yake. Ni mzee wa Pemba ambaye kundi zima humwita Ustadhi, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Mwanangu, jembe lako lina uzito wa tisa. Hebu lipime tena." Nikahesabu kwa vidole, je-mbe-ha-li-ja-chu-ku-li-wa, nikaona aibu, nikamwomba anisaidie. Hakunipa jibu. Aliniuliza mkulima hulifanyia nini jembe kabla ya msimu kuanza. Nikajibu kuwa hulinoa, na hapo hapo mshororo ukakaa: "Jembe halijanolewa, limekaa ukutani." Mizani ni nane, kina cha -wa kimebaki, na maana imekuwa bora kuliko ya mwanzo, maana jembe lililoko ukutani ni wazi kwamba halijachukuliwa, kwa hiyo nilikuwa nimesema jambo moja mara mbili. Swali lile la Ustadhi lilinifaa kuliko pongezi zote za usiku uliotangulia.

Kasoro yangu ya kwanza kwa kundi hili inatoka hapo. Masahihisho yote hufanyika faraghani, kwa kanuni, ili mtu asiaibishwe mbele ya wengine. Nia naielewa, na nimewaona vijana wawili walioondoka kwa sababu tu ya neno kali walilotupiwa. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba makofi huonekana na wote lakini elimu huonekana na mmoja. Anayeingia leo hukuta sifa tupu, akaamini kwamba guni lake, yaani utungo wenye kasoro za vina au mizani, ni shairi, akaendelea kutunga maguni kwa mwaka mzima huku akiitwa malenga. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu kilichoeleza sheria za kutunga mashairi, na wanachama wengi wanalijua jina lake. Ingetosha kila Jumatatu msimamizi akachukua ubeti mmoja, kwa idhini ya mwenyewe, ukapimwa mizani na vina mbele ya watu wote kwa adabu ile ile ya Ustadhi. Nilipendekeza hivyo mara mbili. Nilipigiwa makofi.

Sasa niseme lililonibakisha humo. Siku hiyo ya pili, baada ya kuusahihisha ubeti wangu na kuutuma upya, muuguzi mmoja wa Tanga, dada ambaye hadi leo sijapata kumwona kwa macho, alinijibu kwa shairi. Hakunisifu hata kwa neno moja. Alijifanya wingu:

Bure ninalaumiwa, na mkulima shambani,
Miti yenu mwaiuwa, makaa yende mjini,
Kivuli mwakiondowa, nitue mahali gani?
Mimi wingu sijakawa, ulizeni misituni.

Tazama alivyofanya. Amechukua bahari yangu, yaani muundo wa shairi langu, na vina vyangu vyote viwili, -wa na -ni, akavigeuza vinisute. Ameligusa neno langu "umekawa", yaani umechelewa, na kulikana katika kibwagizo chake. Ameifupisha "yaende" ikawa "yende" ili mizani ikae, inkisari ambayo washairi wameitumia tangu zamani, na ameandika "mwaiuwa" na "mwakiondowa" kwa w ili kina kisikike. Mtu hawezi kufanya hayo bila kukusoma neno kwa neno, silabi kwa silabi. Kujibiwa namna hii ndiko kutiwa moyo ninakokujua mimi. Mwenye kukupigia makofi huenda amekupita tu njiani, lakini aliyekujibu kwa vina vyako amekaa nawe, ameazima kiti chako na amekunja miguu.

Jambo hili si geni kwetu, na kundi linastahili sifa kwa kulirudisha. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi mengi ambayo yalikuwa sehemu ya majibizano, hasa katika ugomvi wa Mombasa na Lamu, na msomaji wa leo hulazimika kubuni upande wa pili ulisema nini. Baadaye gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi ambamo mtu aliuliza swali kwa beti na mwingine wa mkoa wa mbali akalifumbua, wakangojeana hadi toleo jingine. Mimi nilijibiwa ndani ya nusu saa. Nauliza tu kama haraka hiyo yote ni faida. Mhariri wa gazeti alikuwa na uwezo wa kulitupa shairi baya kapuni, na mtunzi aliyejua hivyo alihesabu mizani yake mara mbili kabla ya kwenda posta. Humu ndani hakuna kapu. Nimeona shairi la beti kumi lililotungwa, likatumwa na kusifiwa kabla chai ya mtunzi haijapoa, na lilisomeka hivyo hivyo.

Ijumaa usiku ni zamu ya kughani. Watunzi hutuma mashairi kwa ujumbe wa sauti, na kwa maoni yangu usiku huu mmoja unatosha kuwa sababu ya mtu kujiunga. Shairi lenye mizani pungufu linaweza kujificha kwenye maandishi, lakini haliwezi kujificha kwenye koo: mghani hulazimika kuivuta silabi moja hadi inakaribia kukatika, na kila anayesikiliza hujua pana shimo. Yupo mama wa Mombasa ambaye akighani unasikia kikombe kikiwekwa mezani na jogoo wa jirani, halafu sauti yake inapanda, nawe unasahau kwamba uko ndani ya daladala. Mwenye bando dogo ajue tu kwamba Ijumaa moja yenye watunzi thelathini itamla.

Upande wa maandishi, simu ni chombo kigumu kwa shairi letu. Mshororo wa mizani kumi na sita haupati nafasi kwenye kioo kidogo, huvunjika popote, na kina cha mwisho hujikuta peke yake kwenye mstari wa chini kama mgeni aliyekosa mkeka. Shairi refu hukatwa, msomaji akatakiwa kugusa ili asome zaidi, na wengi hawagusi. Wazoefu wa kundi huandika ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, kwenye mstari wake na utao, kipande cha pili, kwenye mstari unaofuata, dawa inayofaa ingawa shairi hupoteza umbo lake. Tenzi, zenye mizani minane kwa mshororo, hukaa vizuri zaidi, na huenda ndiyo sababu zimeongezeka.

Wizi upo pia. Shairi likishasambazwa mara tatu nne jina la mtunzi hudondoka, na mwanachama mmoja alipata kutumiwa na shemeji yake shairi lake mwenyewe kama salamu za Idi, likiwa na jina la mtu mwingine. Hapa kundi limefanya jambo la busara: linamtaka kila mtunzi ajitaje yeye na mji wake ndani ya ubeti wa mwisho, kwa kufuata ada ya washairi wa zamani, na ikiwezekana jina lake au lakabu yake ibebe kina. Mwizi akitaka kulitoa jina hilo sharti avunje vina, na anayejua kuviunga upya vizuri hana haja ya kuiba.

Mashairi huru, yaani yasiyofuata vina na mizani, yametengewa Alhamisi. Mgogoro wa vina ni wa zamani, ulipamba moto miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi, mtunzi wa mashairi huru, kutoa diwani yake ya kwanza mwaka 1974, na sikutegemea kundi la simu liumalize. Kuwapa siku yao ni suluhu nzuri ya majirani, ila Alhamisi huwa na baridi, kwa kuwa hakuna mwenye kujua jinsi ya kumjibu mtu asiyeacha vina vya kushika. Kwa lahaja, kundi lina uvumilivu zaidi. Kijana mmoja wa Dodoma alipomsahihisha mtunzi wa Mombasa kwa kuandika "ndia" badala ya "njia", alielezwa kwa upole kwamba hilo si kosa la tahajia, ndivyo Kimvita kisemavyo, naye akaomba radhi kwa ubeti mmoja uliokuwa bora kuliko yote aliyowahi kututumia.

Jambo moja nalitahadharisha. Miezi mitano baada ya kuingia kwangu, tuliombwa mchango wa shilingi 10,000 kila mmoja ili mashairi yetu yachapwe katika diwani ya pamoja. Nilituma. Diwani haijatoka hadi leo, maelezo yamebadilika mara nne, na aliyepokea fedha hujibu maswali kwa mashairi ya subira, yenye mizani kamili, nakiri. Baadhi yetu tumerejeshewa nusu. Anayejiunga asitoe hata senti kwa ajili ya kitabu kabla hajaonyeshwa mswada, ankara ya mpiga chapa na jina la mtu atakayewajibika.

Kwa hiyo nalipendekeza kundi hili kwa nani? Kwa aliyekwisha kujua kuhesabu mizani na anayetafuta wa kulumbana naye, nalipendekeza bila kusita. Kwa anayeanza kabisa, naona ajifunze kwanza kwa mwalimu au kwa kitabu, kisha aingie na siku ya kwanza aseme wazi, mbele ya wote, kwamba anaomba kusahihishwa hadharani. Nimewaona watatu waliofanya hivyo, na wote watatu wamekua haraka kuliko mimi. Atakayeingia kutafuta sifa tu atazipata nyingi, na hatachelewa kuzichoka.

Mimi bado nimo. Lile shairi la wingu limefika beti ishirini na sita: dereva wa malori amejibu kwa niaba ya barabara, Ustadhi ameingia kama mto uliokauka, na mwalimu wa Lubumbashi ameutetea msitu kwa beti tatu ambazo nimezinakili daftarini. Kwa kauli moja tumemteua mwanachama wetu mmoja, ambaye kweli huuza mkaa, ajibu mashtaka kwa vina vile vile vya -wa na -ni. Ameomba muda wa kufikiri, akapewa hadi Ijumaa.