Gari la umeme: foleni ya Nairobi au barabara ya Mombasa?

Mwenye gari la petroli akisikia foleni huwaza kituo cha mafuta. Kwa gari la umeme mambo ni kinyume: mjini ndiko linakokula kidogo.

Chukua Nissan Leaf yenye betri ya uniti 40, uniti zilezile za tokeni za nyumbani. Kwenye foleni ya Waiyaki Way, ukiinua mguu tu mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Gari likisimama, mota haili kitu. Mlaji ni AC: ikivuta kilowati 1, saa mbili za kukwama ni uniti 2.

Barabara ya Mombasa ni habari nyingine. Upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, unakaribia maradufu. Breki nazo huzigusi, basi hakuna kinachorudi. Kilomita 270 kwa chaji moja za kipimo cha WLTP, jaribio rasmi la maabara, zisahau, hasa kama umefunga mizigo juu ya paa.

Halafu kuna kupanda, ambako wengi hawakuhesabu. Kutoka baharini hadi Nairobi, karibu mita 1,700 juu, gari la kilo 1,600 hutumia zaidi ya uniti 7 kujiinua tu. Ukishuka kwenda pwani, sehemu ya deni hilo unalipwa.

Leaf iliyotumika, ambayo betri yake imeshachoka kidogo, mimi ningeizungusha mjini. Mombasa ningeenda kwa SGR.