Skrini ya mashine iliyofuta ushahidi wa usiku mzima: uzoefu wangu na setingi za alamu

Naandika hii hasira haijaisha, kwa hiyo mnisamehe nikiruka ruka. Kama unataka kujua skrini ina inchi ngapi na porti ngapi, hayo yameandikwa kwenye boksi lake, mimi nina kitu kimoja tu cha kusema nacho ni historia ya alamu, yaani ile orodha ya maonyo ya mashine ambayo skrini inajiandikia yenyewe, kwa sababu hiyo historia nusura imharibie kazi mzee wa watu ambaye hakukosa chochote.

Ilikuwa hivi. Tuna tanki, lina mixa juu na pampu chini inayovuta na kuzungusha, na kila kitu kinaonekana kwenye skrini ya kugusa iliyo mlangoni mwa paneli. Usiku mmoja, miezi kadhaa iliyopita, pampu ikazima yenyewe. Opereta wa shifti, mtu mzima, ana miaka mingi kwenye hii kazi kuliko sisi wote, akaona alamu, akaikubali (yaani akabonyeza kuonyesha ameiona), akabonyeza riseti, pampu ikawaka, akaendelea na kazi na akaandika kwenye daftari. Kafanya kila kitu anachotakiwa kufanya. Asubuhi mabosi wanauliza pampu ilisimama kwa nini, na jibu walilokuwa nalo tayari ni kwamba mzee alilala au aligusa kitufe. Akanifuata akaniambia, "Fundi, mimi sijagusa kitu, fungua hiyo skrini uwaonyeshe." Nikamwambia mzee wangu usiwe na wasiwasi, skrini inatunza kila kitu.

Nikafungua. Ukurasa wa kwanza, KIWANGO CHA TANKI KIKO JUU. Wa pili, KIWANGO CHA TANKI KIKO JUU. Nikashuka mpaka mwisho kabisa, mistari 500, yote ni hiyo hiyo, imekuja, imeondoka, imekuja, imeondoka, na mstari wa zamani kuliko yote una umri wa dakika kumi na mbili na kitu. Usiku mzima haupo! Yaani mzee amesimama nyuma yangu anasubiri nimuonyeshe na mimi sina cha kumuonyesha, na bosi yuko pembeni anaangalia, na ule ukimya mpaka leo naukumbuka.

Sasa nieleze kilichotokea maana nilikaa nacho siku nzima. Alamu ya kiwango iliwekwa asilimia 80. Maji yakiwa yanachanganywa hayatulii, yana mawimbi, kwa hiyo kama kiwango kimekaa karibu na 80 sensa inasoma 79.8, 80.1, 79.9, 80.2, inapanda inashuka hivyo hivyo bila kuchoka. Kila ikivuka inaandika mstari, kila ikirudi inaandika mwingine. Chukulia inavuka kila baada ya sekunde 3, hiyo ni mara 20 kwa dakika, mistari 40 kwa dakika, na nafasi ni 500. Piga hesabu mwenyewe, dakika 12 na nusu historia yote imejaa, na ikijaa haikuambii kitu, inafuta mstari wa zamani kabisa na kuweka mpya. Kwa hiyo pampu ilivyozima saa nane usiku, mpaka saa nane na nusu ushahidi ulikuwa umeshafutwa na mawimbi ya maji.

Nikampigia jamaa wa huduma kwa wateja wa hiyo skrini. Hapa ndipo damu ilichemka. Nimemueleza vizuri, kwa adabu, toka mwanzo mpaka mwisho, akaniacha nimalize halafu akaniuliza, "Kaka, wewe ndio fundi wa hapo au umeachiwa simu tu?" Nikanyamaza. Akaendelea, "Skrini imefanya ulichoiambia ifanye. Hiyo ni setingi tu, mngesoma kitabu." Hakuniambia setingi gani. Hakuniuliza pampu iko salama, hakuniuliza kama kuna mtu ameumia. Nikamuuliza iko ukurasa upi, akasema iko kwenye alamu, na simu ikakatika, na sidhani ilikatika yenyewe kwa sababu nilipiga tena mara tatu haikupokelewa.

Mpaka hapo nilikuwa natoa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu huwezi kutoa sifuri.

Nikafungua laptopu nikaanza kutafuta mwenyewe. Na kwa kweli vitu vyote vipo. Hilo ndilo linaniuma zaidi, vipo vyote. Kuna sehemu ya pengo, kwamba alamu ikiwaka kwa 80 isizimike mpaka kiwango kishuke kiasi fulani chini yake. Ilikuwa sifuri. Kuna sehemu ya kuchelewesha, kwamba hali idumu sekunde kadhaa ndio alamu itoke. Sifuri. Kuna sehemu ya kuhifadhi historia kwenye memori kadi kwa faili la CSV, lile la jedwali linalofunguka kwenye kompyuta. Imezimwa, na kadi yenyewe imo ndani imekaa tupu toka siku ya kwanza. Kuna sehemu ya kukuonya historia ikikaribia kujaa. Imezimwa. Yaani mtengenezaji alijua haya matatizo yote manne, akatengeneza dawa zote nne, halafu akaziweka kabatini na kufunga mlango. Ukurasa wenyewe unaupata baada ya kubonyeza kitufe kidogo chenye nukta tatu ambacho ukiwa na vidole vinene hukioni.

Sasa huyo jamaa ana haki ya kusema tungesoma kitabu? Nusu anayo. Aliyefunga hiyo paneli kabla yangu hakusoma, na mimi nilipoipokea sikufungua huo ukurasa, hilo nalikubali. Lakini hili sio jambo jipya kwamba tuseme hakuna aliyejua. Wanaoandika miongozo (standadi) ya alamu za viwandani, kama ule unaoitwa ISA-18.2 wa mwaka 2009, wameshatoa hata namba za kuanzia: kwa kiwango cha maji pengo la asilimia 5 na kuchelewesha sekunde 60, kwa joto asilimia 1 na sekunde 60, kwa presha asilimia 2 na sekunde 15. Ni za kuanzia tu, unarekebisha kulingana na mashine yako, tanki letu linajaa haraka kwa hiyo sekunde 60 ni nyingi mno, mimi niliweka 10, na pengo nikaweka 4, kwa hiyo ikiwaka 80 haizimi mpaka ishuke 76. Mawimbi ya mixa hayafiki huko. Lakini namba zipo, zimechapishwa, kwa nini skrini mpya ije na sifuri?

Na wasidhani ni mambo madogo ya mafundi kulalamika. Julai 1994 kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven kule Wales, waendeshaji wawili walipigiwa alamu 275 ndani ya dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. 275! Kuna chombo kilikuwa kinajaa mafuta kupita kiasi na katikati ya kelele zile hakuna aliyeweza kuona lipi ni la maana. Kila nikiona ule ukurasa wangu wa mistari 500 ya kitu kimoja nawafikiria wale watu wawili.

Basi nikarekebisha yote, nikapakia programu kwenye skrini, na ikafuta hata ile mistari 500 iliyobaki. Kuna kitiki pale kwenye dirisha la kupakia, kimewekwa tayari, kinasema futa data za historia, na kama hukukitoa inafuta bila kuuliza mara mbili. Sikukiona. Mistari ile ilikuwa haina maana kwa kesi ya mzee, najua, ila nilikaa chini kabisa sakafuni pale mbele ya paneli. Kwa hiyo wewe unayesoma hii, KABLA ya kupakia chochote, toa historia kwenye flashi kwanza, halafu angalia hicho kitiki, halafu kiangalie tena.

Mambo mengine niliyoyakuta njiani niyapitie haraka. Saa ya skrini ilikuwa imetangulia dakika ishirini na kitu, nikaifanya ichukue saa kutoka kwenye PLC, ile kompyuta ndogo ndani ya paneli inayoendesha mashine. Betri ya ndani ilikuwa imechoka, na kwenye hii skrini historia ambayo haijaenda kwenye kadi inategemea hiyo betri, ikifa umeme ukikatika umepoteza kila kitu na saa inarudi mwaka 2000. Badilisha betri umeme ukiwa umewashwa, kama kitabu kinaruhusu.

Ila kuna moja siwezi kulipita. Skrini haioni kila kitu kinachotokea kwenye mashine. Yenyewe inakwenda kuuliza PLC kila baada ya muda, yetu ilikuwa sekunde 1, na kama tatizo limekuja na kuondoka ndani ya robo sekunde skrini haitalijua kabisa. Halafu muda unaoandikwa kwenye historia ni wa skrini ilipoona, sio wa jambo lilipotokea, kwa hiyo alamu mbili zikija ndani ya sekunde hiyo hiyo usiapie ipi ilitangulia. Ndio maana niliingia kwenye programu ya PLC nikafanya kila tatizo la pampu lishikilie mpaka libonyezewe riseti, na lile la kwanza kutokea linajiandika namba yake peke yake. Hii kazi sio ya skrini na siilaumu kwa hilo. Lakini ningependa mtu aniambie siku ya kwanza, na sio kunijibu mngesoma kitabu.

Ikapita kama wiki mbili tatu. Mzee bado anaangaliwa kwa jicho baya, amehamishiwa shifti ya mchana, hajibu, anafanya kazi yake. Mimi na wenzangu tumeshapima mota, tumepima waya, tumeangalia ovalodi (kile kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa), hamna kitu.

Halafu usiku mmoja pampu ikazima tena. Mzee yuko nyumbani kwake amelala. Asubuhi nikatoa kadi, nikafungua faili, na pale ikawa imeandikwa, mistari michache tu mizuri inasomeka: 03:41:07 PRESHA YA KUVUTA IMESHUKA, 03:41:10 PAMPU 1 IMESIMAMA. Sekunde tatu katikati, kwa hiyo hata kwa skrini inayouliza kila sekunde mpangilio hauna shaka, na ile namba ya kwanza kwenye PLC ikasema hivyo hivyo. Tukafungua chujio la upande wa kuvuta, limeziba zaidi ya nusu, matope na vipande vya gasketi.

Hapo ndio nikaelewa usiku ule wa kwanza. Chujio lilikuwa limeanza kuziba, pampu haivuti vizuri, maji yanabaki mengi kwenye tanki, kiwango kinakaa juu karibu na 80 usiku kucha, na ndio hicho kilichokuwa kinajaza historia. Yaani ugonjwa wenyewe ndio uliofuta rekodi ya ugonjwa. Na ile mistari 500 niliyoitukana ilikuwa inanieleza kitu, kwamba kiwango kimekaa pasipo kawaida yake, ila kwa hasira nilisoma kelele tu sikuuliza kwa nini kiko juu. Hili nimelibeba.

Kwa hiyo baada ya lile faili nilipandisha mpaka nyota tatu, hata nne nilifikiria, kwa sababu ikishapangwa vizuri hii skrini inafanya kazi, siku hizi kwa saa nzima tunapata alamu mbili tatu na kila moja ina mtu anayeifuata, opereta hawabonyezi tena kukubali bila kusoma, na faili linafunguka kwenye Excel bila shida. Nisiwe mtu wa kukataa kizuri. Mguso wake pia ni mzuri hata kwa glavu.

Nikaprinti ule ukurasa nikampelekea mzee. Akausoma taratibu, akaweka kidole kwenye 03:41:07, akaniuliza, "Na ule wa usiku wangu?" Nikamwambia ule haupo, mzee wangu, ulifutika. Akakunja karatasi akaiweka mfukoni akarudi kwenye mashine yake. Mabosi wamekubali ilikuwa chujio lakini ule usiku wake hakuna atakayeuthibitisha kwa maandishi, na yote hiyo ni sifuri mbili na kitufe kilichozimwa kwenye ukurasa ambao mtu hauoni.

Nyota mbili.