Kiatu cha Skeitibodi Kipewe Alama Lini?

Hamjambo watazamaji, na karibuni tena. Juu ya meza hii ipo jozi moja ya viatu, nami nitaisogeza karibu na kamera ili mwone jambo ambalo picha za dukani hazionyeshi. Kiatu cha kushoto kimechubuka upande wa nje, karibu na kidole kidogo, hata kitambaa cha ndani kinachungulia. Cha kulia ni kizima juu, lakini soli yake imelika pale panapokaa vidole. Vilinunuliwa siku moja na vimevaliwa saa zilezile. Mimi husimama mguu wa kushoto ukiwa mbele, na ninaporuka oli, yaani kuruka pamoja na ubao bila kuushika kwa mikono, mguu huo ndio unaosugua msasa uliobandikwa juu ya ubao ili kuunyanyua, ilhali wa kulia hupiga chini mkia, yaani ncha ya nyuma ya ubao, na ndio pia ninaosukumia. Msasa wenyewe umepakwa chembe za karbidi ya silikoni, ambazo mafundi huzitumia kusugulia chuma. Kwa hiyo mchambuzi akikuonyesha kiatu kimoja tu cha jozi, mwombe akuonyeshe na cha pili.

Leo sitatangaza mshindi. Nataka kueleza jinsi ninavyotoa alama, kwa sababu niliwahi kukosea vibaya. Nilikipa kiatu fulani alama 9 kwa 10 baada ya alasiri moja, na wiki mbili baadaye soli ikaachama kama mdomo wa kambare. Kuna mtazamaji aliyekinunua kwa kuniamini mimi. Tangu hapo kila alama ya uimara naitaja pamoja na saa ambazo kiatu kimekuwa juu ya ubao, kwa maana alama isiyo na saa ni porojo, hata ikitoka kwangu.

Majaribio nayafanyia katika uwanja wa skeitibodi wa Shangilia kule Kangemi, Nairobi, penye zege laini, kisha mitaani, penye nyufa na changarawe, na matokeo ya pande hizo mbili siyachanganyi. Kila kipindi naruka oli 50 na kikiflipu 20 (oli ambazo ubao huzungushwa chini ya miguu), ziwe zimefaulu au hazikufaulu, kwa sababu hata jaribio lililoharibika limekula ngozi. Nikirudi nyumbani naweka kiatu juu ya meza hii hii, dirisha likiwa upande uleule, na kando ya mchubuko naweka sarafu ya shilingi kumi. Mchubuko ukiizidi sarafu, mnauona wenyewe bila kunisikiliza.

Sasa suala la soli, ambalo ndilo huzua dhuluma nyingi. Soli ya vulkanaizi huunganishwa na kiatu kwa joto, ukanda wa mpira ukiwa umezungushwa pembeni. Ni nyembamba, hukunjika upesi, na huufanya mguu uuhisi ubao. Soli ya kikombe hufinyangwa ikiwa kipande kimoja, kiatu kikatumbukizwa ndani yake, kisha kikagundishwa na mara nyingi kushonwa. Ni nzito kidogo, na hupokea kishindo vizuri zaidi ukishuka ngazi. Kuilaumu ya kwanza kwa kukosa mto, au ya pili kwa kuwa ngumu siku ya kwanza, ni sawa na kuilaumu pikipiki kwa kutobeba abiria kumi na wanne. Vans, kampuni iliyoanzia Anaheim, California, mwaka 1966, ilitoa kiatu cha Era mwaka 1976 kwa msaada wa waendeshaji wa skeitibodi Tony Alva na Stacy Peralta, kikiwa na ukosi uliojazwa sponji ili kuvikinga vifundo vya miguu vya waendeshaji. Basi, kabla ya kukipa kiatu alama mimi huuliza kilitengenezewa maumivu gani. Hiyo ndiyo sababu sijumlishi alama za uimara, hisia na mto kuwa namba moja.

Viatu vya mitumba vya soko la Gikomba nitavijadili kwa ufupi, ingawa wengi wetu ndivyo tulivyoanzia. Havistahili kushindanishwa na vipya, maana povu la poliyurethani, yaani sponji ya mto wa ndani, huvunjwa na unyevu hata kiatu kikiwa kimelala kabatini. Waweza kukuta ngozi ya swedi ya juu inang'aa huku mto wa ndani ukibomoka kama mkate mkavu. Bonyeza kisigino kwa kidole gumba kabla ya kulipa. Vilevile, fundi akishaishona soli upya, jaribio langu la uimara huishia hapo, kwa sababu kuanzia siku hiyo nitakuwa nikimpa alama fundi (na fundi wa mtaani kwetu, kusema kweli, angepata 10).

Lililobaki ni pesa. Nikipewa kiatu bure nitalisema mwanzoni mwa video, si kwa maandishi madogo mwishoni, kwa kuwa asiyelipa huvumilia kasoro ambazo aliyelipa angezililia.

Viatu hivi vya leo nilivinunua mwenyewe, navyo vimefikisha saa 11. Kwa hisia ya ubao navipa 8. Kwa mto navipa 5, na kisigino changu ndicho shahidi. Nafasi ya uimara kwenye ubao wangu wa alama itabaki tupu hadi saa 30, ama hadi tundu hilo la kushoto lifike kwenye soksi.