Diski za breki za BMW X5: zipi ununue, zipi uziache dukani

Usukani ulianza kucheza kwenye mteremko wa Kitonga. Nilikuwa natoka Iringa, nateremka nyuma ya semitrela ya mbao, na kila nikikanyaga breki usukani unatetemeka mikononi utadhani nimepanda reli. Gari lenyewe ni X5 ya 2010, ile mafundi wanayoiita E70, dizeli ya lita 3. Diski za mbele zilikuwa hazijafikisha hata miezi saba. Boksi liliandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni mali ya Ujerumani, na muuzaji aliapa.

Fundi wa kwanza niliyempelekea Dar alizungusha tairi, akasema wanachosema wote: "Bosi, diski zimepinda." Wa pili, mzee aliyezeekea kwenye magari haya, alichomoa diski, akapitisha kidole kwenye habu, kile kitovu cha chuma ambacho diski hukalia, na kunionyesha magamba ya kutu. "Haijapinda hii. Imekaa upande." Aliyeifunga hakusafisha habu. Alibandika diski mpya juu ya kutu, akakaza, akachukua hela yake.

Diski ikiinama hata kwa sehemu ndogo sana ya milimita, pedi huigusa mahali palepale kila tairi linapozunguka, hata kama hujakanyaga breki. Pale panaliwa taratibu, diski inakuwa nene huku na nyembamba kule, na mtetemo unakuja kujitokeza baada ya kilomita elfu kadhaa, risiti imeshapotea na fundi kabadili laini. Lawama nikaigawa: nusu kwa diski, nusu kwa mkono ulioifunga. Tangu hapo nimenunua seti tatu, mbili za kwangu na moja ya shemeji, na mpangilio ninaoutoa hapa umetokana na hizo.

Kwanza, pima kabla hujatoa hela. E70 ina saizi zaidi ya moja ya diski za mbele, zikiwemo za kipenyo cha milimita 348 kwa unene wa 30, na 365 kwa 36 kwenye injini kubwa. Ukifika kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, ukasema tu "X5 ya 2010" utauziwa ya jirani. Nenda na herufi na tarakimu 7 za mwisho za namba ya chasisi. Muuzaji anayejua kazi ataziomba mwenyewe, na asiyeziomba mshukuru uondoke. Unene wa mwisho unaoruhusiwa hupigwa chapa kwenye diski yenyewe, MIN TH ikifuatiwa na namba. Kwa diski ya 30 ni 28.4. Hebu piga hesabu: kutoka mpya hadi ya kutupa ni milimita 1.6, yaani 0.8 kila upande. Huo ni unene wa kadi ya benki. Ndiyo maana jicho halitoshi. Vernia, kile kipimio chenye taya, nayo hudanganya, kwa sababu diski iliyolika huacha ukingo wa nje ambao haukuliwa, na taya za vernia hukaa juu ya ukingo huo. Weka sarafu upande huu na nyingine upande wa pili, pima vyote pamoja, kisha toa unene wa sarafu zote mbili.

Nafasi ya kwanza naipa diski iliyopakwa rangi ya kuzuia kutu, kutoka kampuni inayojulikana kwa breki: ATE, Brembo, au Zimmermann zile za Coat Z. ATE na Brembo wanauza moja kwa moja kwa viwanda vya magari, kwa hiyo unanunua kazi ya mikono ileile bila kulipia nembo ya gari. Rangi inafutika sehemu inayoguswa na pedi siku ya kwanza tu. Inabaki kwenye kofia ya katikati, pembeni, na kwenye matundu ya hewa yaliyo kati ya nyuso mbili za diski, na huko ndiko kutu ya pwani inakoanzia. Anayelala Mbezi Beach, Nyali au Unguja anajua upepo wa chumvi unavyoifanya diski. Gari likiegeshwa wiki mbili mvua za masika, ile isiyopakwa inatoka rangi ya udongo wa Lushoto mpaka ndani.

Angalia pia herufi E ndani ya duara, na namba pembeni yake. Ni alama ya idhini ya Ulaya, kanuni ya R90 ya sehemu za breki. E1 ni Ujerumani, E3 Italia. Namba inataja nchi iliyotoa idhini, kiwanda kinaweza kuwa kwingine, na hilo lisikutie wasiwasi. Boksi langu la Kitonga halikuwa na alama hiyo, wala diski haikuwa na chapa ya unene. Ningejua wakati ule!

Ya pili ni boksi la BMW lenyewe. Halina kosa zaidi ya bei. Kama gari bado lina waranti, au wewe ni mtu wa kulala ukiwa na amani kuliko na akiba, chukua.

Ya tatu ni diski za kampuni zilezile lakini zisizopakwa rangi. Kwa mtu wa Dodoma au Arusha zinatosha kabisa, na tofauti ya hela ipeleke kwenye pedi. Jambo moja tu: hutoka kiwandani zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Lazima zioshwe kwa dawa ya kusafishia breki kabla ya kufungwa, la sivyo pedi mpya zinayanywa yale mafuta na breki zinapiga kelele tangu siku ya kwanza.

Baada ya hapo ninashuka ngazi kwa haraka. Diski zenye vitobo zinapendeza kwenye rimu ya inchi 20, basi. Gari hili lina tani mbili na zaidi, na vitobo ndiko nyufa zinakoanzia diski ikipata moto mkali. Zenye mifereji ni afadhali, hasa kama unavuta trela la boti, ila hula pedi na hunguruma kidogo. Diski za mtumba zinazoshuka na nusu gari, yale magari yaliyokatwa ili yauzwe vipuri, kutoka Japani au Dubai nimezipima mara nyingi dukani, na kwa ile nafasi ya kadi ya benki tuliyoiona, nyingi zinakuwa zimeshatumia nusu yake. Unanunua mwisho wa safari ya mtu mwingine.

Kuchonga diski za zamani kwenye mashine kunategemea ileile milimita 1.6. Kama diski ni changa na imetetemeka mapema, inawezekana. Kama ina miaka mitatu, fundi mashine akishaisawazisha unabaki na chuma chepesi ambacho kitapata moto haraka zaidi, kwa kuwa kazi ya diski ni kumeza joto, na uzito wake ndio unaomeza. Mwambie akupimie baada ya kuchonga. Ikisoma chini ya 28.4 umelipia kuitupa.

Zile za boksi jeupe lisilo na jina sizipi nafasi.

Kuna anayeuliza kuhusu keramiki kwa sababu ameona Porsche Cayenne yenye kalipa za njano, vile vishikio vinavyobana pedi kwenye diski. Ni teknolojia nzuri sana, na bei ya seti moja inaweza kununua gari lingine dogo. Tuendelee.

Diski hununuliwa kwa jozi, kushoto na kulia, na pedi mpya juu yake. Pedi za zamani zimeshachukua umbo la diski ya zamani. Ukizirudisha umeharibu ununuzi wako mwenyewe. X5 hii ina waya za kihisi cha pedi, moja mbele kushoto na nyingine nyuma kulia. Pedi zikiisha waya unakatika na taa inawaka. Ukikatika hauna kazi tena, nunua mpya. Hapa ndipo wajanja wanapounga waya ili taa izime, wanakwambia "imekaa sawa, mzee", na wewe unaendesha mpaka chuma kikutane na chuma. Nimeliona hilo kwenye gari la shemeji: waya umefungwa kwa utepe mweusi nyuma ya ngao ya vumbi, nadhifu kabisa.

Siku ya kufunga, simama pale pale. Hakikisha habu imesuguliwa kwa brashi ya waya mpaka uone chuma kinang'aa, na kuzunguka shimo la ile skrubu ndogo inayoshika diski pia. Pini za kalipa za BMW hii husafishwa zikarudishwa kavu. Fundi akishika kopo la grisi ya kawaida mzuie, inavimbisha mpira na kalipa inaanza kukwama. Ukibadilisha za nyuma, breki ya mkono iachiwe kwanza, kwa sababu viatu vyake vimejificha ndani ya kofia ya diski, na baadaye virekebishwe. Bolti za tairi zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa mpishano. Ile bunduki ya upepo inayolia "trrrr" kwenye gereji za barabarani inakaza moja kupita nyingine, na diski inarudi kukaa upande hata kama habu ni safi.

Ukitoka gereji usikimbilie kujaribu breki kwa kishindo. Mimi huenda barabara ya Bagamoyo alfajiri, kabla ya daladala kujaa. Natoka kilomita 60 kwa saa, napunguza taratibu mpaka 10 bila kusimama kabisa, naongeza tena, kama mara kumi, na katikati naacha zipoe. Kisha naendesha dakika kadhaa bila kugusa breki. Ukisimama na kukandamiza pedali diski zikiwa na moto, pedi zinaacha alama yake pale pale, na alama hiyo utakuja kuisikia kwenye usukani. Na gari likitoka safari ndefu lisipelekwe moja kwa moja kuoshwa. Wale vijana wa mashine ya maji wanaanza na rimu, maji baridi juu ya chuma chenye moto. Waambie waanze na boneti.