Mhimilishaji aliyekataa hela yangu: huduma ya kupandisha ng'ombe kwa mrija, Tororo, Uganda

Tarehe 1 Julai asubuhi, nikimwekea ng'ombe wangu Neema majani, niliona damu mkiani mwake. Kidogo tu, imechanganyika na ute. Nikajua joto, yaani hamu ya kupandwa, limeanza, nikapiga simu mbio. Kijana wa kupandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu ya fahali iliyogandishwa alifika na pikipiki yake kabla sijamaliza kukamua, akautua mtungi wa mbegu chini ya mwembe, akamzunguka ng'ombe, kisha akaniuliza, "Mama Athieno, juzi usiku alikuwaje?"

Hapo nikakumbuka. Juzi Neema alilia usiku kucha, na asubuhi maziwa yakapungua lita mbili. Mimi nikasingizia inzi.

"Basi joto lilikuwa lile, mama. Damu hii hutoka likishapita, na yai limeshashuka. Nikimpandisha leo nitakuwa nimekula hela yako bure."

Alinitoza shilingi 10,000 za mafuta ya pikipiki, basi. Akachukua daftari langu, akaandika tarehe 29 Juni, akaniambia nianze kumchunga Neema kuanzia siku ya 18, asubuhi na jioni, kwa sababu ng'ombe hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, wengine 18, wengine 24. Kwa siku ile moja tu ningemsifu hadharani, lakini huu ni mwaka wa pili namwita, kwa hiyo nina mengi ya kusema.

Mimi nafuga ng'ombe watatu wa maziwa na mtamba mmoja, wote chotara wa Friesian, nje kidogo ya mji wa Tororo upande wa kwenda Malaba. Hawatoki bandani. Kijana huyu anapatikana kupitia duka la dawa za mifugo mjini, na sisi huku tunamwita daktari, ingawa kila mara anatusahihisha kwamba yeye ni mhimilishaji, daktari ni mwingine. Bei yake kwangu ni shilingi 60,000 kwa mrija wa kawaida, na humo ndani kuna safari ya pili ya kuja kupima mimba.

Kabla yake nilikuwa na mtu mwingine, simtaji. Huyo ukimwita anakuja, anapandisha, anapokea, anaondoka. Hakuwahi kuniuliza joto nimeliona saa ngapi. Mrija aliuyeyusha kwa kuusugua viganjani, na glavu iliyotoka kwa ng'ombe wa jirani aliisuuza kwenye ndoo yangu akaingia nayo kwa wangu. Pendo, ng'ombe wangu mwingine, alipandishwa naye mara tatu, na mara tatu akarudi kwenye joto. Kila kurudi ni wiki tatu za kumlisha ng'ombe ambaye maziwa yake yanapungua na ndama haonekani. Mwaka ule karo ya watoto niliilipa kwa kuuza mbuzi. Mume wangu akasema turudi kwa fahali la jirani, bei 20,000 na hakuna simu ya kupiga. Nilikataa, kwa sababu fahali linalozunguka kijiji kizima linaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba kutoka boma hadi boma, na ugonjwa huo hauishii kwa ng'ombe. Binadamu naye huupata kwa kunywa maziwa mabichi.

Sasa tazama huyu anavyofanya. Tarehe 21 Aprili jioni, nikiwa na tochi, nilimkuta Pendo amening'iniza ute mweupe angavu kama ute wa yai bichi, mrefu hadi kwenye goti la nyuma. Alikuwa amezaa tarehe 4 Februari, kwa hiyo kizazi kilikuwa kimepumzika siku za kutosha. Nikapiga simu. Swali la kwanza: "Umeona saa ngapi?" Nikamjibu saa kumi na mbili jioni. Akasema anakuja asubuhi. Kanuni yake haibadiliki: ukiona asubuhi anakuja jioni, ukiona jioni anakuja asubuhi, maana yai hushuka saa kadhaa baada ya joto kwisha, na mbegu inatakiwa iwe imeshafika inalingoja.

Saa moja asubuhi yuko bandani. Akafungua mtungi, moshi mweupe wa baridi ukamwagika ukingoni. Humo mna naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Nilimwomba anionyeshe kama imo kweli, kwa sababu mtungi ukikauka mbegu zote zimekufa na kwa macho huwezi kujua. Hakukasirika. Alichovya kijiti, akakitoa, akanionyesha ukungu wa barafu ulipofika. Akamimina maji ya moto na ya baridi kwenye kikombe cha chupa ya chai, akatia kipimajoto mpaka kikasoma 36, ndipo akachomoa mrija kwa koleo na kuutumbukiza humo. Mwanangu mdogo alikuwa anahesabu naye kwa sauti mpaka 40. Akaukausha vizuri kwa karatasi laini, kwa kuwa maji yakigusa mbegu yanaiua, akaukata ncha, akauvalisha kwenye bomba la chuma, na lile bomba akalificha ndani ya shati kifuani lisipigwe na baridi ya asubuhi. Glavu mpya kutoka kwenye pakiti, ndefu hadi begani. Mkono wa kushoto ndani, taratibu, wa kulia na bomba. Pendo aliendelea kutafuna.

Alipomaliza alinipa mrija mtupu. Nimeubandika kwa gundi ya karatasi kwenye ukurasa wa Pendo, nambari ya fahali ikisomeka. Kwa wengine huo ni uchafu wa kutupa. Mimi nauhitaji, maana Pendo akizaa jike, miaka miwili ijayo sitaki binti apandishwe kwa mbegu ya baba yake. Wafugaji wengi wa huku hawana kumbukumbu hizi, halafu wanashangaa kizazi cha tatu ndama wanadhoofika. Daftari la shilingi 2,000 linatosha.

Tarehe 1 Julai ileile aliyomkataa Neema, alimpima Pendo kwa mkono. Siku 70, mimba ipo. Tukahesabu pamoja siku 283: azae karibu na tarehe 30 Januari, na mwanzoni mwa Desemba niache kumkamua ili kiwele kipumzike miezi miwili. Ndama kila mwaka, kitu ambacho boma hili halijawahi kukiona.

Mtamba wangu naye, kijana alikataa kumpandisha. Alimpima kifua kwa utepe, akasema bado mwepesi, nimwongezee chakula na chumvi ya madini, tuonane baada ya miezi mitatu. Na siku hiyo ikifika atamchagulia fahali ambaye ndama wake huzaliwa wadogo.

Nina malalamiko mawili. Jumapili asubuhi hashiki simu mpaka kanisa litoke, na joto la ng'ombe halijui Jumapili. Mwaka jana mwezi wa kumi nilipoteza mzunguko mzima kwa sababu hiyo, na nimemwambia uso kwa uso atafute mwenzake wa kumshikia zamu. La pili ni mirija ya kuzaa majike. Anatoza 150,000, na yeye mwenyewe anakubali kwamba ndama tisa kati ya kumi huwa majike ila ng'ombe hushika mimba kwa shida kidogo kuliko kwa mrija wa kawaida. Kwa mfugaji wa ng'ombe watatu naona ni ghali. Mirija ya kawaida, ambayo anasema inatoka kituo cha taifa cha Entebbe, inanitosha.

Ukimwita, uwe umeandika saa uliyoliona joto, ng'ombe awe amefungwa mahali penye kivuli, na maji ya moto yawe tayari.

Neema alirudi kwenye joto tarehe 19 Julai jioni, siku ya 20, ute safi bila damu, na kesho yake saa moja akapandishwa. Jana ametimiza siku 21 tangu apandishwe. Nimekaa naye bandani hadi saa nne za usiku, na leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri kumwangalia tena. Ametulia, mkia mkavu, maziwa yaleyale. Daktari amesema hatanipa jibu kabla ya Septemba.