Gari la umeme: sabufa (spika ya besi) ya chini ya kiti au boksi la spika ya inchi 12 kwenye buti?

Hii mada hapa Malindi haiishi. Kwa bei, ile ndogo ya chini ya kiti inashinda wazi, amplifaya iko ndani tayari, fundi anavuta waya chache tu kazi imeisha na buti linabaki lako, kama unabeba watoto na mizigo ya sokoni kila siku chukua hiyo. Boksi nalo besi yake unaisikia kifuani, taarabu ikipigwa gita la besi linatoka zima, ndogo haifiki hapo kabisa, na kama buti lako liko tupu kila siku basi boksi lina haki yake.

Ila umeme sasa. Gari hili halina alternata, betri ya volti 12 inachajiwa na konveta, kifaa cha kushusha volti, kutoka ile betri kubwa, na konveta ina kikomo. Amplifaya ya wati 1000 ikifunguliwa yote inavuta zaidi ya ampea 80, kwa hivyo tafuta amplifaya ya aina ya klasi D, haipotezi umeme sana, fyuzi ikae karibu na betri, na waya za rangi ya machungwa jamani usiguse, zina volti mamia.

Chumvi ya bahari haichagui, ncha za waya zangu ziliota kijani, siku hizi nazipaka grisi.