TAHADHARI: "Fundi wa dawa" anayezunguka Magomeni na Kigogo ni TAPELI

Wadau, nimepigwa, na msinicheke. Chemba ya maji taka ya mtaani kwetu imetapika tena na mvua ya juzi, maji ya choo yakaingia mpaka chumbani kwa Bi Mkubwa. Katikati ya hekaheka anatokea jamaa na bodaboda, ovaroli la bluu, pampu mgongoni, kitambulisho kinaning'inia shingoni. "Shikamoo mama, poleni na mafuriko." Bi Mkubwa akalainika hapo hapo. Mtu ana adabu zake, anataja kipindupindu na homa ya matumbo kama bwana afya, nani asingemwamini? Tena tulimwona akitoka kwa jirani. Kumbe kule alikwenda kuomba maji ya kujazia pampu!

Akafungua kidumu, akaninusisha. Limau tupu. "Hii ni klorini ya hospitali dada, haina ukali." Akapulizia kuta, kitanda, godoro lililolowa, na tope lenyewe pale sakafuni, juu kwa juu, fagio hakugusa. Eti tope likikauka litabanduka lenyewe. Nikamrushia laki mbili na nusu kwa simu. Likatokea jina la mwanamke. "Huyo mke wangu, ndiye anashika hela."

Asubuhi uvundo uko palepale, inzi wamejaa godoroni. Kile kidumu alichotuachia nikakimwagia khanga kuukuu nyekundu: haikupauka hata kidogo. Klorini gani hiyo? Namba haipatikani. MWIZI MKUBWA WEWE, unamwibia mama mzima aliyesimama kwenye kinyesi!

Bwana afya wa kweli alipokuja alitikisa kichwa tu. Tope linazolewa kwanza, mmevaa buti na glavu, mnasugua kwa sabuni, ndipo klorini, mnaiacha kama dakika 10. Ukiimwaga juu ya uchafu nguvu yake inaishia kwenye uchafu. Na msiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya sumu. Godoro likishalowa maji ya choo ni la kutupa.

Dalili zake: hana risiti, jina la namba si lake, anataka hela yote papo hapo. Nyingine nitaongeza nikitulia.

Mkimwona msimpige. Mleteni kwangu kwanza, godoro bado liko nje ya geti, alilalie usiku mmoja ndipo twende naye polisi.